Staa Kafunga Turbo Kwenye Pikipiki ya Kabureta: Mlio Umesikika, Breki Hazijaonekana

Kama unashinda Insta basi ile klipu umeshaiona. Staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, ana pikipiki ya Kijapani ya miaka ya 80, silinda nne, kabureta. Sasa kaifunga turbo. Sekunde 15 tu: mlio, filimbi ya turbo, kicheko, kwisha. Chini yake vijana wanaulizana fundi yuko wapi na anafunga kwa bei gani. Mmoja kaandika kabisa kwamba anataka ya hivyo kwenye boda yake ya 125.

Hapo ndipo stori inapoacha kuwa ya mastaa.

Ukweli usemwe, turbo kwenye kabureta inawezekana. Mwaka 1978 kule Marekani iliuzwa Kawasaki Z1R-TC, ina kabureta na ina turbo, ila haikuwa na waranti ya kiwanda. Yaani ukiiua, msiba ni wako. Mwaka 1982 Yamaha nao wakaleta XJ650 Turbo, ya kabureta pia. Honda mwaka huohuo walitoa CX500 Turbo, lakini wao kabureta waliiweka pembeni, mafuta yakawa yanapimwa kwa umeme. Suzuki wakaja na turbo yao, Kawasaki nao wakarudi na nyingine. Kabla miaka ya 80 haijaisha, kampuni zote nne zilikuwa zimeachana na huo mchezo. Na hao wana mainjinia, siyo fundi mmoja chini ya mwembe.

Ugumu uko hapa. Turbo inazungushwa na moshi wa ekzosi, halafu inasukuma hewa nyingi kwenye injini. Hewa ikiongezeka, mafuta nayo lazima yaongezeke. Kabureta ya kawaida imezoea hewa ya kuvutwa. Ukiisukumia hewa kwa presha, mafuta kwenye bakuli lake yanagoma kutoka, mpaka bakuli nalo lipewe presha ileile na iwepo pampu ya kuyasukuma kwa nguvu zaidi ya hapo. Yale ya kushuka yenyewe kutoka kwenye tangi hayatoshi. Mafuta yakipungua, joto linapanda, yanaanza kulipuka ovyo ndani ya silinda, pistoni inatoboka. Bado hujagusa taimingi, klachi, wala oili ya kulainisha hiyo turbo yenyewe.

Sasa turudi kwa dogo wa boda. Pikipiki yake ina silinda moja, inapozwa na upepo, breki ya nyuma ni ya dramu. Iko kwenye mkataba. Injini ikinoki Jumatatu, Jumanne hesabu inadaiwa palepale, na nyumbani watu wanasubiri unga. Na isiponoki je? Ndiyo mbaya zaidi, maana mwendo umeongezeka, breki ni zilezile, na nyuma kuna abiria ambaye hajui chochote kuhusu turbo.

Staa yeye injini ikinoki ataposti emoji ya kulia, wiki ijayo anaonekana na chuma kingine.

Wapo watakaosema huu ni wivu, pesa yake, pikipiki yake. Sawa, hilo halina ubishi. Lakini wale madogo wanaolaiki ndio mtaji wake, ndio wanaomfanya kampuni zimtafute kwa matangazo. Mtu anayekula kwa macho ya watu hawezi kusema macho hayo hayamhusu.

Anachodaiwa ni kidogo tu: klipu ya pili. Aonyeshe kabureta ilibadilishwa nini, pampu gani imewekwa, breki zikoje, na gharama yote ni shilingi ngapi. Na fundi apewe heshima yake. Kwenye klipu nzima anaonekana mikono tu, imejaa oili, hata kutegiwa hajategiwa, wakati yeye ndiye mwenye majibu ya maswali yote yale. Huenda akiongea dakika mbili tu, yule dogo wa boda ataghairi mwenyewe.

Haya wadau, staa aposti bili nzima au aachwe ale maisha? Dondosha maoni yako hapo chini, matusi hapana.