Tupeni maswali ya kemia yenye harufu

Kuna biashara moja hapa Nairobi isiyojua msimu mbaya, nayo ni kuchapisha pasti pepa. Ingia cyber yoyote kuanzia Umoja hadi Kawangware, sema unataka kemia, na kabla hujamaliza sentensi jamaa wa kompyuta ashafungua folda. Karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mwaka baada ya mwaka, na mock za kaunti ambazo hujawahi kukanyaga. Mwisho wa kila faili kuna makingi skimu. Watahiniwa wa KCSE wanazibeba hizo karatasi kama unga.

Mimi sina ugomvi na mazoezi. Kemia bila kufanya maswali haiingii kichwani, hata usome kitabu mara kumi. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, na tangu hapo sehemu ya kodi yangu hutoka kwa watoto wa ploti ninaowafunza jioni, kwa hivyo maswali haya nayaona kila siku kwa miandiko tofauti. Ugomvi wangu ni na aina ya maswali tunayowapa vijana, na vile tumewazoesha kuyajibu.

Chukua hili, limetumika hadi limechakaa: sentimita mchemraba 25 za hidroksidi ya sodiamu ya 0.1M, unazimua kwa asidi hidrokloriki ya 0.1M, unahitaji asidi kiasi gani? Kila mtu anajibu 25, wengine hata kabla ya kuokota kalamu. Sasa badilisha kitu kimoja tu. Weka asidi salfuriki ya 0.1M mahali pa ile ya kwanza. Nimewapa swali hilo vijana watano kwa wiki tofauti, wote Fomu Foo, na wanne waliniandikia 25 tena. Jibu ni 12.5, kwa sababu molekuli moja ya asidi salfuriki inamaliza mbili za hidroksidi. Hawa si watoto wajinga. Wamefanya taitresheni nyingi kuliko mimi. Lakini walikuwa wanajibu umbo la swali. Macho yanaona "25" na "0.1M", mkono unaandika.

Na hilo ndilo makingi skimu hufanya ikikaa karibu na mkono. Unasoma swali, unakwama dakika moja, unachungulia nyuma ya karatasi, unasema "ala, kumbe!", unaendelea. Ile "kumbe" ni tamu sana, manze, lakini haina uhusiano wowote na kuelewa. Ukipewa swali hilohilo wiki ijayo na namba mpya, umerudi pale pale.

Shida ya pili ni kwamba maswali yenyewe hayana harufu. "Gesi X ilipitishwa juu ya kitu kigumu Y." Nani aliipitisha? Kwa nini? Mtoto anayeishi Pipeline, anayelala mita mbili kutoka kwa mtungi wa gesi, anaulizwa kuhusu gesi X. Halafu tunashangaa akisema kemia ni somo la watu wa vichwa vigumu.

Hebu tuandike swali la mtungi huo. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Tuseme yetu yote ni butani, uzito wa moli moja gramu 58, na tuseme moli moja ya gesi hujaza lita 24 kwa joto la nyumba. Chumba chako ni mita 3 kwa 3, dari mita 2.5, yaani lita 22,500 za hewa. Butani huweza kushika moto ikifika karibu asilimia 2 ya hewa. Swali: ni gesi kiasi gani ikivuja usiku chumba kinakuwa bomu? Fanya hesabu. Asilimia 2 ya 22,500 ni lita 450. Gawa kwa 24, unapata moli 18.75. Zidisha kwa 58, unapata gramu 1,087 hivi. Kilo moja na kidogo. Mtungi mdogo wa mtaani hubeba kilo 6.

Bado hatujamaliza. Sehemu ya pili ya swali: hewa ina wastani wa gramu 29 kwa moli, butani 58. Gesi ikivuja itapanda darini au itashuka sakafuni? Inashuka, ni nzito mara mbili. Na godoro liko wapi kwa bedsitter nyingi? Kwa hivyo ile kilo moja ni hesabu ya kubembeleza, ya gesi iliyosambaa sawasawa. Kule chini ilikojazana hatari hufika mapema zaidi. Sehemu ya tatu: kwa nini dirisha la juu peke yake halitoshi, na kwa nini usiguse swichi ya taa? Hapo umeshafanya kemia ya ogania, sheria za gesi, na mwako, kwa swali moja. Usiku wa Februari 1, 2024, lori lililobeba gesi lililipuka pale Mradi, Embakasi, moto ukavuka hadi nyumba za watu. Mtoto wa mtaa ule hahitaji gesi X.

Walimu watanijibu, na wana haki, kwamba silabasi ni ndefu na mtihani ndio unaomfungulia mtoto mlango. Karatasi ya kwanza alama 80, ya pili 80, ya maabara 40, na hakuna mahali pameandikwa "Mradi, Embakasi". Mwalimu mwenye madarasa manne ya watoto hamsini hamsini hana saa ya kutunga hadithi. Naelewa. Lakini swali la mtungi halitoki nje ya silabasi hata inchi moja. Moli, ujazo wa gesi, haidrokaboni: zote ziko ndani. Kilichobadilika ni kwamba namba zimepata mwenyewe.

Tena maswali ya aina hii hayakubali kukremiwa. Chukua pombe. Mei 2014 vinywaji vilivyotiwa methanoli viliua makumi ya watu Embu, Kiambu, Kitui na kwingineko, na wengine wakapoteza macho. Swali la kawaida la kitabuni litakuuliza uchore muundo wa methanoli na wa ethanoli, alama mbili, twende. Sawa, chora. Kisha uulizwe hivi: vyote viwili havina rangi, vyote huwaka, vyote vikikutana na sodiamu hutoa haidrojeni, utavitofautishaje? Mwanafunzi aliyesoma mbele kidogo atasema aongeze iodini na alikali, kwa sababu ethanoli hutoa mashapo ya njano na methanoli haitoi. Vizuri. Sasa jamaa ameleta chupa kutoka kwa mama pima, umepima, umeona njano. Je, ni salama kunywa?

Hapo ndipo darasa hunyamaza. Njano imekuambia ethanoli imo. Haijasema lolote kuhusu kama methanoli pia imo. Kipimo chako kilikuwa sahihi na bado mtu angekufa. Swali kama hilo halina jibu la kuchungulia nyuma ya karatasi, na ndilo linalofanana zaidi na kazi ambayo mtu wa maabara ya hospitali au ya KEBS hufanya kila siku. Kwa wale wanaodhani unaweza kujiokoa kwa kutupa kile kinachochemka kwanza, methanoli huchemka kwa nyuzi 65 na ethanoli kwa 78, karibu mno kwa sufuria na bomba la mtaani. Usijaribu.

Wasee wa Nakuru na Naivasha nao wana swali lao, liko kwa meno. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, ndiyo maana unaona meno yenye rangi ya kahawia. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kisima chenu tuseme kina 6. Mama anachemsha lita 5, zinabaki 4, anaamini sasa maji ni safi. Floraidi imefika ngapi? Imefika 7.5, kwa sababu maji yametoka na floraidi imebaki. Kuchemsha kumeua vijidudu, ni kweli, na kumeongeza ukali wa hiyo chumvi. Ukichanganya lita moja ya kisima na maji ya mvua yasiyo na floraidi, unahitaji lita 3 ili ushuke hadi 1.5. Ni hesabu ya darasa la saba hii, lakini kemia ndiyo inakwambia uifanye.

Ya choo nitaipitia haraka kwa sababu kila mtu ameshanusa: Jik ikikutana na dawa ya choo yenye asidi, hutoka klorini. Mpe mwanafunzi aandike mlinganyo na namba za oksidisho za klorini kabla na baada. Atajua kwa nini chupa imeandikwa usichanganye.

Karatasi ya tatu, ile ya maabara, ndiyo inaniuma zaidi. Kuna shule moja ambayo sitaitaja ambako watoto waligusa bureti mara mbili kwa miaka minne, kisha wakafundishwa kupika. Kupika data, si chakula. Unaandika 24.5, 24.6, 24.5, zikaribiane, uonekane mkono haukutetemeka. Nimeona daftari zao, ni safi ajabu. Mtoto huyo anaweza kubahatika alama kadhaa. Lakini ukimwuliza rangi ya fenolfthaleini inavyoonekana sekunde ile inapogeuka, pinki hafifu inayotaka kupotea, hana la kusema, hajawahi kuiona. Na yeye ndiye anataka kusomea ufamasia.

Sasa tuko na nafasi ambayo haitarudi haraka. Gredi ya 10 wa kwanza waliingia sekondari pevu Januari 2026, na walioingia mkondo wa STEM wanasoma kemia chini ya mtaala unaosema unajali umilisi. KCSE ya mwisho ya 8-4-4 ni 2027. Maana yake ni kwamba maswali ya mazoezi ya kizazi kizima yanatungwa sasa hivi, miezi hii. Na yale ninayoyaona kwenye folda za cyber yetu ni yaleyale ya zamani, yamevalishwa jalada jipya lenye picha ya mtoto aliyevaa miwani ya maabara akitabasamu. Gesi X bado anapitishwa juu ya Y.

Walimu wangekubali kugawana kazi, hili si gumu. Mwalimu wa Kajiado atunge la Magadi, wa Mombasa atunge la chumvi na kutu ya mabati, wa Kericho la mbolea na udongo wenye asidi, wabadilishane. Na wewe uliye Fomu Foo, usingoje wizara. Chukua swali moja la pasti pepa, badilisha asidi, badilisha kitu chochote, ulijibu bila makingi skimu, kisha mpe rafiki yako alitafute kosa.

Nikianza na Magadi yenyewe: lile jiwe mama huweka kwa maharagwe yalainike haraka, wenye kemia huliita trona, na fomyula yake ni Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O. Kiwandani huchomwa litoe maji na kaboni dioksidi, ibaki kabonati ya sodiamu tupu, ile inayokwenda kutengeneza glasi. Umepewa kilo 452 za trona safi. Utabaki na kilo ngapi za kabonati, na ni uzito gani umepaa hewani? Mimi nilipata 318 na 134. Nionyesheni njia.