Kiharusi Hakingoji Tutafutane



Leo tuzungumze juu ya kiharusi. Lakini sitaanza na dalili zake. Nitaanza na kosa letu, sisi watumishi wa afya.

Nilipotoka chuoni na cheti changu, kituo changu cha kwanza kilikuwa zahanati moja ya kijijini, mbali na hapa Mkolani. Asubuhi moja aliletwa mzee mmoja, mshona nyavu. Aliletwa kwa pikipiki, kijana amemshika kwa nyuma asianguke. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Mkono wa kulia ulining'inia. Alijaribu kusema, maneno hayakutoka. Nilijua ni kiharusi. Wenzangu wawili nao walijua. Sote tulikuwa tumefundishwa, na sote tulikuwa na vyeti.

Basi tukaanza kukimbia. Mimi nilikimbilia kipimo cha presha. Muuguzi naye alikimbilia kipimo hicho hicho, tukakutana kabatini. Kabati lilikuwa limefungwa. Ufunguo alikuwa nao mwenzetu wa tatu, naye alikuwa nje anapiga simu kutafuta gari. Kumbe ndugu wa mgonjwa walikuwa wameshampigia dereva yule yule, wakamwambia asubiri kwanza. Hakuna hata mmoja wetu aliyebaki na mzee. Niliporudi kitandani nilimkuta ndugu yake anamnywesha uji, na uji unatokea puani.

Gari liliondoka baada ya muda mrefu. Katika barua ya rufaa niliandika jina, umri na presha. Kule hospitali, swali la kwanza la daktari lilikuwa hili: "Mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi?" Mimi sikuwa nimeandika. Kijana aliyemsindikiza hakujua.

Mzee hakufa. Lakini mkono wake haushiki tena sindano ya nyavu. Miezi kadhaa baadaye nilikwenda kumsalimia. Mkewe akaniambia, "Mwanangu, mimi saa nilikuwa naijua. Alikunywa chai akiwa mzima, redio inasoma habari za saa kumi na mbili. Nilisimama pale mlangoni. Hakuna aliyeniuliza." Nilikosa la kumjibu yule mama.

Kwa nini saa ni jambo kubwa hivyo? Kiharusi ni ajali ya ubongo. Mara nyingi mshipa wa damu kichwani huziba kwa donge la damu. Mara nyingine mshipa hupasuka, na damu ikavuja ndani ya kichwa. Sehemu ya ubongo isiyopata damu huanza kufa dakika ile ile. Kwa kutazama kwa macho, hata mtaalamu hawezi kujua kwa hakika kama mshipa umeziba au umepasuka. Inatakiwa picha ya ndani ya kichwa, ile inayoitwa siti skani. Huku kwetu picha hiyo hupigwa katika hospitali kubwa, kama Bugando. Kama mshipa umeziba, ipo dawa ya kuyeyusha donge. Dawa hiyo hutolewa kabla hazijapita saa nne na nusu tangu dalili zianze. Usinielewe vibaya: sisemi saa nne na nusu ya asubuhi. Nasema muda wa saa nne, na nusu saa juu yake. Asiyejulikana alianza kuugua saa ngapi kwa kawaida hapewi, maana akipewa kwa kuchelewa, au akipewa aliyepasuka mshipa, inaweza kumwua.

Kweli, hospitali nyingi za nchi yetu hazina dawa hiyo. Wengine husema, "Sasa ya nini kukimbia?" Nasi tunakimbia kwa sababu nyingine. Mgonjwa aliyepooza koo hunyweshwa uji, uji ukaingia mapafuni, akafa kwa kichomi. Mwingine sukari imeshuka sana, naye huonekana kama ana kiharusi, kumbe angepimwa sukari na kutibiwa angeinuka. Mwingine hupewa vidonge vya presha vya jirani, presha ikaanguka ghafla, ubongo ukakosa hata ile damu kidogo iliyokuwa inafika. Au hupewa aspirini kabla ya picha, kumbe mshipa umepasuka. Haya yote hutokea kabla daktari hajamwona.

Mimi nasema hivi: hatukosi elimu peke yake. Tunakosa mazoezi ya kufanya kazi pamoja. Tena nina ushahidi wa hapa hapa Tanzania.

Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, mwaka 2010 watumishi walifundishwa kwa siku moja jinsi ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Walitumia mdoli uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa mdoli walifanya vizuri. Lakini walipotazamwa katika chumba cha kuzalishia, utendaji haukuwa umebadilika. Ndipo njia ikabadilishwa. Mdoli ukawekwa pale pale kazini, wakawa wanafanya mazoezi mafupi, mara kwa mara. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11 hivi hadi 7 hivi kwa kila watoto 1,000. Baadaye mazoezi ya namna hiyo yaliingizwa katika mpango wa hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano, na mkoa wetu wa Mwanza umo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2025. Vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na katika siku ya kwanza vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000.

Utasema hao ni watoto, na mimi nazungumzia kiharusi. Sikiliza basi habari ya Stavanger, mji wa Norway. Hospitali ya mji huo ndiyo iliyoshirikiana na Haydom katika kazi ile ya watoto. Kwao mgonjwa wa kiharusi alikuwa anapata dawa ya kuyeyusha donge baada ya dakika 27 tangu afike mlangoni. Mwaka 2017 walipanga upya kazi zao, kisha wakawa wanafanya mazoezi ya kuigiza kila wiki, madaktari, wauguzi na wapiga picha pamoja. Muda ukashuka hadi dakika 13. Hao ni watu wenye kila kifaa, na bado walikuwa wanapoteza muda kwa kutafutana kama sisi tulivyotafutana kabatini.

Wapo wanaocheka. Wanasema kuigiza ugonjwa ni mchezo wa watoto, tena ni kujiitia balaa. Mimi nawauliza, kikundi cha bugobogobo huenda Bujora kushindana bila kujifunza? Majembe yangegongana hewani siku ya kwanza. Kwa ngoma tunajifunza miezi. Kwa uhai wa baba zetu hatutoi hata dakika kumi.

Basi hapa Mkolani mimi na wenzangu wachache tumeanza. Mmoja hulala kitandani akajifanya mgonjwa. Mmoja hukaa naye wala haondoki: humlaza kwa ubavu, huangalia pumzi yake, huzuia asipewe kitu mdomoni. Mmoja hupima sukari na presha. Mmoja huita gari na kuandika barua, na mstari wa kwanza wa barua ni saa. Kila mtu husema kwa sauti anachofanya, na mwenzake humjibu kwamba amesikia. Mwanzoni tuliona haya. Mhudumu wetu mmoja alicheka mpaka machozi. Lakini siku ile ile tuligundua kwamba saa ya ukutani ilikuwa imesimama, na hakuna aliyekuwa ameona. Mgonjwa wa kweli asingetupa nafasi ya kugundua hilo kwa kicheko.

Mara ya tatu tulimwita dereva wa bajaji, balozi, na mama mmoja wa jirani awe ndiye mke wa mgonjwa. Hapo ndipo nilipoona kwamba kikosi cha kiharusi kinaanzia nyumbani, maana saa inajulikana nyumbani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, na wewe jaribu na watu wa nyumbani kwako leo jioni. Mwambie mzee acheke, mtazame kama mdomo uko sawa. Mwambie ainue mikono yote miwili, mwone kama mmoja unashuka. Mwambie aseme maneno machache, msikilize kama ulimi ni mzito. Siku jambo moja tu kati ya hayo likiharibika ghafla, usingoje la pili. Tazama saa. Andika, hata kwa mkaa ukutani. Mlaze kwa ubavu. Usimpe uji, wala maji, wala dawa.

Najua pia wapo watakaosema ni jini au ni mkono wa mtu. Msidhani ni watu wa vijijini tu. Watafiti waliwahi kuwauliza watu wa wilaya ya Hai na watu wa Dar es Salaam, na watu wa Dar es Salaam ndio waliotaja zaidi majini na uchawi. Sitagombana na mganga wa jadi. Namwomba naye aje kwenye mazoezi, kwa sababu wagonjwa wengine hupelekwa kwake kwanza, na akiwaambia wakimbilie hospitali watamsikiliza kuliko mimi.

Limebaki gari. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, wenzetu wa Sengerema hawangojei tena kivuko. Wanapita hapa Mkolani, Nyegezi, Mkuyuni, mpaka Bugando. Lakini lami haimwamshi dereva usiku. Mpango wa M-mama umeonyesha njia: mjamzito au mtoto mchanga akipata hatari, hupigwa simu namba 115 bila malipo, na pasipo gari la wagonjwa hutafutwa dereva wa hapo hapo aliyekubali kazi hiyo. Mimi naona kila mtaa na kila kijiji kinaweza kuwa na orodha yake ya madereva watatu kwa ajili ya kiharusi, na fedha kidogo ya mafuta iliyochangwa mapema.

Jambo hilo nitalisema katika mkutano wa mtaa. Nitakuja na karatasi ya orodha ikiwa tupu, na kalamu. Dereva wa bajaji ameshaniambia ataandika jina lake la kwanza. Nafasi mbili bado ziko wazi.