Amevunja Ungo, Lakini Bado Hajakua



Wiki iliyopita shangazi yangu alinipigia simu kutoka Kasekese. Kwa wasiopajua, Kasekese ni kata ya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, mbali kabisa na bahari yetu. Shangazi aliolewa huko zamani. Alitaka nifunge safari nikawe somo wa bibi harusi: nimfunde, nimsinge, nimtie hina na piko. Nikamuuliza, bibi harusi ana miaka mingapi?

"Kumi na sita," akasema. "Lakini kavunja ungo zamani, mwili umejaa. Amekua huyo."

Nilikataa kwa adabu, na shangazi amenuna mpaka leo. Nataka nikuelezeni sababu, maana hilo neno "amekua" nalisikia hata huku Unguja.

Hedhi ya kwanza inatuambia mlango mmoja umefunguka. Haituambii nyumba imekwisha kujengwa. Msichana huendelea kurefuka baada ya kuvunja ungo, na nyonga yake, ambamo mtoto atapita, huchelewa zaidi: huendelea kutanuka hata urefu ukishasimama. Akibeba mimba kabla ya hapo, wanaokua ni wawili ndani ya mwili mmoja, na wote wanakula sahani moja. Shirika la Afya Duniani linasema mama walio chini ya miaka 20 wamo katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na maambukizi ya baada ya kujifungua kuliko wenye miaka 20 hadi 24. Na mtoto akikwama njiani, hospitali ikiwa mbali, mama anaweza kupoteza roho, au akabaki na fistula, mkojo unamtoka bila ya kujizuia.

Kwa Katavi jambo hili si la kubuni. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta wasichana 45 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 mkoani humo wameshazaa au ni wajawazito. Hakuna mkoa uliozidi huo. Kwa nchi nzima walikuwa 27.

Kuna watakaosema huu ni uzungu. Basi tuwasikilize bibi zetu. Kiswahili chetu kina kigori, kina mwari, kina mke, kina mama, na kila neno lina mahali pake. Mwari ni aliyekwisha kuvunja ungo lakini bado anafundwa. Kama damu peke yake ingetosha kumfanya mtu mzima, kungwi angekuwa na kazi gani? Mila ilijua kuna masafa baina ya kubaleghe na kukomaa. Sisi ndio tumeyafupisha, tukabakisha ngoma na hina.

Dini nayo haikutuacha gizani. Sura ya Al-Hajj, aya ya 5, inatutembeza kutoka tone mpaka pande la damu, mpaka mtoto mchanga, kisha mpaka kufikia utimilifu wa nguvu. Humo humo inataja wanaokufa mapema na wanaofika uzee dhaifu. Na An-Nisaa, aya ya 6, inapozungumzia mayatima kufikia umri wa kuoa, inataka tuwajaribu na tuwaone wana rushdi, yaani akili ya kupambanua, ndipo tuwakabidhi mali yao. Ikiwa shilingi zake hatumkabidhi mpaka apevuke akili, vipi tumkabidhi mimba, mume na nyumba?

Shangazi alikuwa na hoja, na siidharau. "Bora aolewe kuliko aharibike," alisema. Hofu ya zinaa ni hofu ya kweli, hasa pale msichana anapokaa nyumbani bila ya skuli wala kazi. Lakini dawa yake ni skuli, ulinzi na mama anayezungumza na mwanawe. Nyonga changa haitambui kuwa mimba ni ya ndoa.

Halafu akaniambia, "Na akifa na uzazi, ni shahidi." Ni kweli, tumefundishwa hivyo. Lakini hiyo ni rehema ya Mola kwake yeye, si ruhusa kwetu ya kumpeleka.

Sheria pia imesogea. Sheria ya Ndoa ya 1971, inayotumika Bara, iliruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo.

Nimemtumia shangazi ujumbe: nitakwenda Kasekese, nitamfunda mwari, nitamfundisha usafi wake, sala yake na thamani yake. Siku ya singo na hina tuiweke mbele, akue kwanza.

Nawe dada, ukiombwa kuwa somo, uliza umri kabla ya kuuliza rangi za sare. Sisi tunaopamba tuna sauti, na harusi bila ya somo haiendi.

Mola awakuze mabinti zetu wafike utimilifu wao. Amin.