Nakala ya pili haingoji mjini

Kila mwaka, tunapojitayarisha kwenda kukusanya lugha vijijini, swali la kwanza kati yetu wanafunzi ni lilelile: "Uko na kompyuta?" Mwenye kompyuta anaonekana yuko tayari, mwenye tableti anahurumiwa. Kwangu swali hilo si lenye maana kubwa. Tungepaswa kuulizana: "Nakala ya pili utaiweka wapi, na utaifanya siku gani?"

Nasema hivyo kwa sababu mimi nililipa. Mwaka jana nilivuka Ziwa Kivu kutoka Bukavu hadi Idjwi ili kurekodi Kihavu kwa ajili ya TFC yangu. Nilikuwa na tableti, maikrofoni ndogo na fleshi moja. Tableti ina tundu moja tu, la USB-C. Tundu hilo ndilo la chaja, ndilo la maikrofoni, ndilo la fleshi. Jioni, paneli ya jua ya mwenyeji wangu ikiwa imebakiza umeme kidogo, nililazimika kuchagua, nikachagua kuchaji. Kunakili nikakuahirisha hadi nifike mjini. Siku ya kurudi, nikiwa nashuka kwenye mtumbwi, mfuko ulitumbukia majini. Tableti haikuwaka tena.

Kilichozama ni mazungumzo ya mama wawili wazee, mtu na mdogo wake. Mkubwa alikuwa akisimulia, mdogo akimkatiza na kumsahihisha, kisha wote wawili wanacheka. Kwa mwanafunzi wa isimu, hayo ni mali: namna ya kukana, ya kuuliza tena, ya kubishana bila kuvunja heshima. Nilipopata nauli ya kurudi, mkubwa alikuwa amekwisha kufariki. Mdogo wake aliniambia: "Mwanangu, nitasimulia tena. Lakini nani atanikatiza?"

Safari hiyo ya pili nilikuwa na adapta ya matundu mengi. Ni kifaa kidogo, kinaingia mfukoni. Mkia wake unachomekwa kwenye tableti, nacho kinatoa matundu mawili ya USB ya kawaida, nafasi ya kadi ya kumbukumbu na tundu la kupitishia chaja. Jioni nilichomeka chaja, fleshi na kadi kwa pamoja. Faili zikanakiliwa huku tableti ikipata umeme. Si kazi ya usiku kucha. Rekodi ya WAV ya saa nzima, chaneli moja, kwa 48 kHz na biti 24, ni karibu megabaiti 520. Fleshi ya gigabaiti 32 inabeba karibu saa 60 za namna hiyo.

Nisisifu kupita kiasi. Tundu la USB-C lina umbo moja, lakini kazi zake si sawa katika kila tableti. Adapta inaweza kuwa na tundu la HDMI, na bado projekta ya darasani isionyeshe kitu, kwa kuwa tableti yenyewe haikutengenezwa kutoa picha nje. Umeme pia unagawanywa: diski ya kuzunguka inaweza kuwaka, kisha ikakatika katikati ya kunakili, kwa hiyo fleshi ni afadhali. Chaja ikiwa imechomekwa wakati wa kurekodi, inaweza kutia mvumo katika sauti. Mimi narekodi kwa betri, nachaji baadaye. Na fleshi haichomolewi kabla ya kuiamuru tableti iiachilie. Mambo haya yote hujaribiwa nyumbani, si kisiwani.

Najua baadhi ya walimu wetu watasema ni heri kungoja kompyuta, kwa sababu ELAN na Praat zinafanya kazi huko. Ni kweli, na mimi pia uchambuzi wangu niliufanya kwenye kompyuta ya kuazima. Lakini uchambuzi unaweza kungoja. Wazee hawawezi.

Ndiyo maana naomba Kitivo mambo matatu, yote ya gharama ndogo. Kwanza, kabati la maabara liwe na adapta chache za kuazimisha pamoja na fleshi zake. Pili, somo la utafiti wa uwanjani litenge saa moja ili kila mwanafunzi ajaribu vifaa vyake mbele ya wenzake. Tatu, fomu ya TFC iongezwe mstari mmoja: nakala ya pili iko wapi? Asiyeweza kuujaza asitetee kazi yake bado.

Jioni ya mwisho kule Idjwi, mtoto wa yule mama alinipa kadi ya simu yake. Niliitia kwenye adapta, nikamnakilia yote aliyosimulia mama yake. Usiku, nikiwa nimelala chumba cha pili, nilisikia ile sauti ikitoka kwenye simu, na yule mama mwenyewe akiikatiza: "Hapana, hapo nilikosea."