Kabla Ununue Feni Kubwa, Angalia Volteji

Wasee, leo naongea na wewe uliyefungua bayosi usiku wa manane, ukasukuma prosesa ikimbie kuliko vile kiwanda kilipanga, halafu joto likapanda mpaka 98 na sasa unatafuta feni kubwa ya kununua. Shikilia hiyo pesa kwanza. Mimi nilitumia shilingi 9,000 kutibu ugonjwa ambao kompyuta yangu haikuwa nao.

Nilikuwa nasomea uhandisi wa umeme. Nikaacha chuo mwaka wa pili, na nilipokuwa naaga, nikamwambia mathe asijali, hii dekstopu ndiyo itakuwa digrii yangu. Nitahariri video, nitalipa rent, ataona. Ndani yake kulikuwa na Core i7-8700K, prosesa ya 2017 niliyoipata mtumba. Viini 6. Zote zikifanya kazi pamoja, hukimbia gigahezi 4.3. Nikaona hiyo ni kidogo. Mtu aliyeacha chuo hawezi kuwa na mashine ya kawaida, ama?

Basi nikaovakloki. Nikaweka viini vyote 4.7, volteji nikaacha kwa "Auto", nikajiona mhandisi. Nilikuwa nimemwahidi mathe digrii moja, nikapata 100.

Hiyo 100 si hesabu ya kuchezea. Ndiyo mwisho wa hii prosesa. Ikifika hapo inajipunguzia kasi yenyewe ndiyo isiungue. Lakini mimi nikasema ni feni ndogo, na nikaendelea kufanya kazi hivyo hivyo. Usiku wa Alhamisi nikirenda video ya ruracio, mashine ikazima ikiwa imebaki robo. Nikawasha, ikazima tena. Familia ilitaka video Ijumaa. Niliipeleka Jumatatu, nikalipwa nusu, na yule mteja hajawahi kunipigia tena. Simlaumu.

Hapo ndipo nilienda Luthuli Avenue na zile 9,000, pesa iliyofaa kuwa ya rent. Nikarudi na hitisinki kubwa kama tofali, feni mbili. Nikapaka pesti mpya, nikafunga, nikapima. Digrii 92. Yaani pesa yote hiyo, na nimepunguza digrii 8 tu. Na hii ni Julai, Nairobi baridi, mimi mwenyewe niko ndani ya blanketi.

Nikarudi kwa fundi kulalamika. Mzee mmoja, hana cheti chochote ukutani. Hakuuliza kuhusu feni. Aliuliza, "Kijana, volteji umeweka ngapi?" Nikamwambia nimeacha mashine ichague. Akacheka. "Sasa si ndiyo imechagua kukupikia?"

Nikaenda kejani nikaangalia kwa HWiNFO. Volti 1.39. Kabla niguse chochote, ilikuwa karibu 1.2.

Sasa sikiza, hii ndiyo maana ya haya yote. Joto la prosesa linatoka kwa umeme inaokula, na huo umeme unaenda na kasi mara volteji mara volteji tena. Ukiongeza kasi, joto linaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Ukiongeza volteji, unalipa mara mbili. Piga hesabu na kalkuleta ya simu. Kutoka 4.3 hadi 4.7 nilipata kasi ya asilimia 9. Kutoka volti 1.2 hadi 1.39, pamoja na hiyo kasi, joto la kuondoa liliongezeka kama asilimia 47. Na madabodi nyingi ukiziachia Auto wakati wa kuovakloki zinamimina volteji ya ziada ili mashine isizime, halafu joto ni shida yako.

Hiyo fomula nilifundishwa. Mwaka wa kwanza, asubuhi, nikiwa nimelala nyuma ya darasa. Nimeikimbia chuoni ikanifuata mpaka bedsita.

Na kwa nini ile hitisinki ya tofali ilisaidia kidogo hivyo? Kwa sababu ndani ya 8700K, kati ya chipu na kile kifuniko cha chuma, Intel waliweka pesti badala ya solda. Joto linakwama hapo kabla hata lifike kwa feni yako. Unaweza kuweka feni ya helikopta juu, bado foleni iko chini.

Kwa hivyo kama mashine yako inachemka, fanya hivi kabla ya kutoa hata mia. Rudisha kila kitu kwa mipangilio ya kiwanda, uipe kazi nzito dakika ishirini, upime. Bado inachemka? Basi shida ni ya mikono: pesti imekauka, skrubu hazijakaza sawa, feni inapuliza upande mbaya, vumbi, ama ile plastiki ya chini ya hitisinki hukuitoa. Usicheke, watu huisahau. Fungua ubavu wa kasha pia. Joto likishuka sana, jua hewa ilikuwa haipiti. Na kama uko Mombasa, kumbuka chumba cha digrii 32 kinakuongezea karibu digrii 10 juu ya mtu wa chumba cha 22, kabla hujagusa kitu.

Lakini ikiwa kwa mipangilio ya kiwanda iko sawa, na inachemka tu ukiovakloki, wacha feni. Ni volteji. Iandike wewe mwenyewe, anza chini, panda kidogo kidogo, jaribu kila hatua.

Nilifanya hicho kipimo nikiwa nimechelewa. Nikarudisha hitisinki ya zamani, mipangilio ya kiwanda. Digrii 71. Ilikuwa nzima siku zote! Nikaweka 4.7 kwa volti 1.25, na hitisinki hiyo hiyo ya zamani: digrii 81, na haikuzima. Sikuhitaji kununua chochote.

Halafu nikapima kitu ambacho nilifaa kupima siku ya kwanza. Video moja ile ile. Kwa kasi ya kiwanda, dakika 52. Kwa 4.7, dakika 48. Manze, dakika nne. Nilipoteza mteja, nikachelewesha rent, juu ya dakika nne ambazo ningezimaliza nikingoja chai ichemke.

Najua kuna wenye wataniambia kuovakloki ni raha, unajifunza, unatoa jasho la kitu ulichonunua. Ni kweli. Kama mashine yako ni ya gemu, cheza nayo, ikizima utacheka. Lakini kama ndiyo inakulisha, maoni yangu ni usiguse. Mashine ya kazi sifa yake ni kumaliza kazi.

Yangu siku hizi iko 4.3, na volteji nimeishusha kidogo chini ya ile ya kiwanda. Haipiti 66. Token za stima zinakaa zaidi, na feni hata siisikii. Ile hitisinki ya tofali niliiuza kwa 5,500.

Mathe alikuja kunitembelea wiki jana, akaiangalia akaniuliza kama hiyo ndiyo ile digrii. Nikamwambia bado nasoma.