Siri ya jeshi haimlindi askari

Kuna imani iliyoota mizizi nchini Kenya, na utaisikia kwa watu wasiokubaliana katika jambo jingine lolote: mambo ya jeshi hayaulizwi. Mbunge akitaka kujua kikosi kimepelekwa wapi, kitakaa muda gani na kitagharimu kiasi gani, huambiwa anahatarisha vijana walio vitani. Mwanahabari akiuliza waliokufa ni wangapi, huambiwa anamfurahisha adui. Hata mzazi aliyefiwa na mwana hushauriwa anyamaze na avumilie, kwa kuwa hayo ni mambo ya serikali. Wanaoshikilia imani hii hudhani wanalipenda jeshi. Naipinga bila kusita. Imewaacha askari wetu bila mtetezi, imefungua mlango wa wizi, na imelizoesha Bunge kupiga muhuri maamuzi yaliyokwisha kufanywa na watu wachache.

Alfajiri ya Januari 15, 2016, Al-Shabaab waliivamia kambi ya wanajeshi wa Kenya huko El Adde, katika eneo la Gedo nchini Somalia. Lilianza gari lililosheheni mabomu, wakafuata wapiganaji, na kambi ikatekwa. Wiki chache baadaye Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alisema kwenye televisheni kwamba Wakenya waliouawa walikuwa kati ya 180 na 200. Jeshi letu lilikanusha. Hesabu yake lenyewe halikuitoa, na hadi leo haijatangazwa rasmi. Baadhi ya watu waliosambaza picha na habari za shambulio hilo mitandaoni walikamatwa.

Nani alifichwa? Si Al-Shabaab. Wao walikuwepo. Waliziona maiti, wakachukua silaha na magari, wakarekodi video na kuisambaza dunia nzima. Waliofichwa ni wajane, ni wazazi, ni wabunge waliopitisha bajeti ya operesheni yenyewe. Na kwa kuwa hakuna aliyelazimishwa kujibu hadharani, maswali mazito yamebaki yakining'inia. Ngome za kambi zilikuwa imara kiasi gani? Msaada ulichukua muda gani kuwafikia waliozingirwa? Jenerali mmoja wa Somalia alidai Wakenya walikuwa wameonywa mapema. Kama ni kweli, onyo hilo liliishia mezani kwa nani? Januari 27, 2017, mwaka mmoja na siku chache baadaye, kambi nyingine ya Wakenya nchini Somalia, Kulbiyow, ilivamiwa kwa mtindo ule ule, mabomu ya magari kwanza na wapiganaji nyuma yake.

Sidai kwamba kikao cha kamati ya Bunge kingeizuia Kulbiyow. Nadai kwamba jeshi lisilowajibika kumweleza yeyote wa nje sababu za kushindwa kwake hujisahihisha likipenda, na kijana aliye ndani ya handaki anastahili kinga iliyo imara kuliko hiyo.

Watetezi wa usiri huzungumza kana kwamba wabunge wanaomba hisani. Katiba ya 2010 inasema vingine, tena kwa lugha nyepesi. Kifungu cha 238 kinauweka usalama wa taifa chini ya mamlaka ya Katiba na Bunge. Kifungu cha 240 kinalitaka Baraza la Usalama wa Kitaifa liripoti bungeni kila mwaka kuhusu hali ya usalama, na kuliruhusu kupeleka vikosi nje ya nchi kwa idhini ya Bunge. Kifungu cha 241 kinasema wanajeshi wanaweza kupelekwa kurejesha amani mahali penye machafuko hapa nchini iwapo tu Bunge la Kitaifa limeidhinisha. Maneno hayo hayakudondoka kutoka hewani. Yaliandikwa katika nchi iliyoshuhudia Wagalla.

Februari 1984, wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla, Wajir, wakawaweka juani siku kadhaa bila maji wala chakula, na wengi wakauawa. Serikali ilishikilia kwamba waliokufa walikuwa 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilisema idadi hiyo ilikaribia 1,000. Miongoni mwa waliokivunja kimya mapema kabisa ni mbunge kutoka Wajir, Ahmed Khalif, aliyesimama bungeni na kusoma majina ya waliouawa. Ilikuwa enzi ya chama kimoja, mwaka wa pili baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, wakati hata mnong'ono kuhusu jeshi ungeweza kumpeleka mtu kizuizini. Hakuwa na Kifungu cha 238 cha kumkinga. Alikuwa na orodha ya majina na sauti yake.

Nikilitazama Bunge la leo, lenye mamlaka yote ambayo Khalif hakuwa nayo, nasikia uchungu. Oktoba 2011, Katiba ikiwa na umri wa mwaka mmoja tu, vikosi vyetu viliingia Somalia katika Operesheni Linda Nchi. Wabunge waliombwa kuidhinisha kujiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM, mwezi Desemba, wanajeshi wakiwa wamekwisha kupiga kambi ugenini. Novemba 2022, kikosi cha kwenda mashariki mwa Kongo kilikabidhiwa bendera na Rais kwanza, kura ya Bunge ikafuata baadaye. Uamuzi ukishafanywa, mbunge huulizwa kama yuko pamoja na vijana wetu au la. Nani atathubutu kusema hapana?

Hata hivyo, safari ile ya Kongo ilituonyesha jambo. Kabla ya kura, kamati ya ulinzi ilieleza hadharani idadi ya wanajeshi, zaidi ya 900, na gharama ya miezi sita ya kwanza, takriban shilingi bilioni 4.4. Kila Mkenya mwenye simu aliweza kusoma takwimu hizo. Mbingu hazikuanguka. Kikosi kilifika Goma, kikafanya kazi yake, kikarudi. Wale wanaotuambia kwamba kutaja idadi na gharama ni kumkabidhi adui ufunguo wa lango watueleze ni madhara gani yaliyotokea mara ile.

Afrika Kusini wameandika jambo hili katika katiba yao. Kifungu cha 201 kinamtaka rais anapotuma jeshi alieleze bunge mara moja sababu za kulituma, mahali linapopelekwa, idadi ya wahusika na muda unaotarajiwa. Machi 2013, wanajeshi 13 wa nchi hiyo walipouawa Bangui, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, taifa lilijua idadi yao, na serikali ikabanwa kwa maswali: walikuwa wakifanya nini kule, na mbona hawakuwa na zana za kutosha? Jeshi la Afrika Kusini lina matatizo mengi, lakini kuhesabiwa kwa wafu wake hadharani si mojawapo.

Sasa tuzungumzie pesa, maana hapa ndipo imani ya usiri inapowanufaisha watu. Kashfa ya Anglo Leasing ilihusu kandarasi 18 za usalama, zilizotiwa saini chini ya serikali mbili, za thamani ya mamia ya mamilioni ya dola. Mfumo wa pasipoti ambao kampuni moja ya Ufaransa ilikuwa tayari kuutengeneza kwa takriban euro milioni 6 ulipewa bei ya karibu euro milioni 30, mikononi mwa kampuni isiyokuwepo. Meli ya kivita ya Jasiri iliagizwa 2003 na ikatia nanga Mombasa 2012. Kwa miaka tisa, mabaharia wetu walilinda pwani bila chombo ambacho taifa lilikuwa limekwisha kuanza kukilipia. Zabuni hizi zilipenya kwa sababu moja kuu: zilipachikwa jina la usalama wa taifa, na jina hilo likamnyamazisha kila aliyestahili kuuliza. Mfichuaji wa kashfa hiyo, John Githongo, alipokimbilia Uingereza na ushahidi wake, Kamati ya Bunge kuhusu Uhasibu ilimfuata London mwaka 2006 kuchukua maelezo yake. Mwenyekiti wake alikuwa kiongozi wa upinzani wa wakati huo, Uhuru Kenyatta. Bunge likitaka, miguu inayo.

Na tusidhani kwamba wizi wa aina hii huishia kwenye vitabu vya hesabu. Nchini Nigeria, Desemba 2014, mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifo wanajeshi 54 kwa kukataa kwenda kupigana na Boko Haram. Walikuwa wamelalamika kwamba hawana silaha za kukabiliana na adui aliyewazidi. Mwaka mmoja baadaye, aliyekuwa mshauri wa usalama wa rais, Sambo Dasuki, alishtakiwa kuhusiana na mabilioni ya dola yaliyotengewa ununuzi wa silaha. Alikana mashtaka. Askari wale walipunguziwa adhabu hadi kifungo cha miaka kumi. Tafakari mpangilio huo: anayeuliza bunduki iko wapi anaitwa mwasi, na pesa za bunduki zinazungumziwa wakati tayari amekwisha kuhukumiwa.

Hapa kwetu, bajeti ya 2025/26 iliitengea Wizara ya Ulinzi zaidi ya shilingi bilioni 200. Isitoshe, kazi za jeshi zimepanuka. Mwaka 2020, Kiwanda cha Nyama cha Kenya kilihamishiwa Wizara ya Ulinzi, na mwaka huo huo shughuli nyingi za Kaunti ya Nairobi zikawekwa chini ya Meja Jenerali Mohammed Badi katika Idara ya Huduma za Jiji. Kuchinja ng'ombe na kuzoa taka kuna siri gani ya kijeshi? Nahofia kwamba kila kazi ya kiraia inayopewa wenye magwanda inaingia na pazia lake, na tukiendelea kuamini kwamba jeshi haliulizwi, sehemu ya serikali isiyoulizwa itazidi kukua.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Watu husema: mnataka kumpa mbunge wa Kenya siri za vita? Yule yule anayebadilisha msimamo kwa simu moja kutoka Ikulu, na kuropoka kila kitu kwenye mazishi Jumamosi? Nakubali kwamba Bunge limetuangusha. Baada ya shambulio la jumba la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, ambako watu 67 waliuawa na kamera zikawanasa wanajeshi wakibeba mifuko kutoka dukani, kamati mbili za Bunge ziliandika ripoti hafifu kiasi kwamba wabunge wenyewe waliikataa. Tume ya uchunguzi iliyoahidiwa na Rais haikuundwa. Aprili 2015, wanafunzi na walinzi wakauawa katika shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, jumla 148, na maswali kuhusu ucheleweshaji wa msaada yakawa yale yale.

Lakini udhaifu wa mkaguzi haujawahi kuwa hoja ya kufuta ukaguzi. Na kuna mstari ulio wazi kati ya mambo mawili ambayo watetezi wa usiri huyachanganya makusudi. Doria itapita wapi usiku huu, mtoa habari ni nani, redio inatumia masafa gani: hayo mbunge hayahitaji, na hakuna anayeyadai. Kwa nini tumekwenda, tutatoka lini, tumetumia kiasi gani, nani alipewa zabuni, wangapi wamekufa na familia zao zimelipwa nini: hayo ni ya umma. Kwa yaliyo katikati kuna vikao vya faragha. Kamati ya ulinzi ya bunge la Ujerumani hukutana milango ikiwa imefungwa kwa kawaida, na ina mamlaka ya kujigeuza kamati ya uchunguzi. Zaidi ya hayo, bunge hilo lina kamishna wa jeshi ambaye askari wa cheo chochote anaweza kumwandikia moja kwa moja bila kupitia kwa kamanda wake. Wajerumani walijifunza kwa damu ya mamilioni kile kinachotokea jeshi linapokosa wa kuliuliza.

Juni 25, 2024, vijana waliokuwa wakiandamana walipoingia kwenye majengo ya Bunge na wenzao wakapigwa risasi nje, Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Aden Duale, alichapisha tangazo la kuwaleta wanajeshi mitaani. Wabunge waliidhinisha kesho yake. Chama cha Mawakili kilikwenda mahakamani, na Juni 27 Jaji Lawrence Mugambi, ijapokuwa aliruhusu wanajeshi wabaki, aliipa serikali siku mbili kuchapisha upeo na muda wa kazi yao. Maswali hayo mawili, upeo na muda, ni ya msingi kabisa. Jaji mmoja aliyauliza baada ya Bunge zima kupiga kura bila kuhakikisha yamejibiwa.

Kifungu cha 125 cha Katiba kinazipa kamati za Bunge uwezo wa Mahakama Kuu wa kumwita shahidi yeyote na kudai stakabadhi. Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Mashauri ya Kigeni iliutumia uwezo huo ilipofika Nanyuki kusikiza malalamiko ya wananchi dhidi ya wanajeshi wa Uingereza. Iwaite na wa kwetu. Ianze na El Adde: ripoti ya uchunguzi wa jeshi iletwe mbele ya kamati, katika kikao cha faragha kama italazimu, pamoja na orodha ya waliokufa na malipo ya kila familia. Aya ambazo adui hastahili kuziona zizibwe kwa wino mweusi. Zinazobaki ziwekwe mezani pa Bunge, na familia zipewe nakala.