Nyanya ya Sokoni Nani Anaipima?

Kantangaze alipoingia Ngarenanyuki, Arusha, mwaka 2014, wakulima wa nyanya walikimbilia bomba la mgongoni. Kiwavi huyu hujichimbia ndani ya jani, dawa ikapita juu yake, na huwa sugu upesi. Mwenye deni la mbegu hana subira ya semina. Anakwenda duka la pembejeo, anashauriwa achanganye dawa mbili tatu, anapiga. Anayemshauri ndiye anayemuuzia, maana bwana shamba ni nadra kufika.

Wanaotaka kemikali ziachwe kwa mkupuo mmoja waitazame Sri Lanka. Mwaka 2021 serikali ya Gotabaya Rajapaksa ilizuia mbolea na viuatilifu vya viwandani kuingia nchini. Kabla mwaka haujaisha katazo likalegezwa, lakini mavuno ya mpunga yakaporomoka. Halafu kuna palizi, jambo ambalo wasifiaji wa kilimo hai hulipita kimyakimya. Dawa ya magugu ina madhara yake, lakini atakayeshika jembe ikiondolewa ni nani, kama si mama na watoto wake?

Si kwamba kilimo hai ni ndoto. Huko Mbita, Kenya, kando ya Ziwa Victoria, watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, walipanda mmea wa desmodiamu katikati ya mahindi na matete pembezoni: harufu ya desmodiamu inamfukuza nondo wa kiwavi cha bua, matete yanamvuta, na mizizi ya desmodiamu inadhoofisha gugu la kiduha. Mwenye ng'ombe anapata na malisho juu yake. Ila hayo ni mahindi. Kwa nyanya hatujafika huko. Nembo ya Kilimohai nayo, iliyotokana na viwango vya kilimo hai vya Afrika Mashariki vya mwaka 2007, inamsaidia mnunuzi mwenye uwezo wa kuchagua. Mama ntilie anayenunua kwa fungu haioni.

Kwangu mimi, tunabishania nembo wakati pengo liko kwenye kipimo. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulizidisha ukaguzi wa maharage mabichi na njegere za Kenya kwa sababu ya mabaki ya dawa, na wanaouza nje wakalazimika kujirekebisha. Walaji wa Ulaya wakalindwa. Huku kwetu nyanya zenye madoa meupe ya dawa zinashushwa sokoni Kariakoo bila mtu kuuliza.

Kila kibandiko cha dawa kina siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Lori la dalali likishafika na bei ikiwa nzuri, siku hizo hazihesabiwi. Kama tenga lingeweza kukataliwa langoni mwa soko, hata kwa kupima machache tu kwa kushtukiza, dalali angekuwa wa kwanza kumuuliza mkulima alipiga dawa lini. Fedha za maabara zianze kutafutwa kwenye ushuru wa soko, ambao mzigo huohuo tayari unaulipa.